Neno "Rafiki"

Kila mtoto ajua kusema, "Huyu ni rafiki yangu." Lakini ni wachache waliopata kuuliza neno hili lilitoka wapi, na maana yake ya kwanza ni nini.

Rafiki ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kwa Waarabu, rafiki ni mtu afuatanaye na mwenziwe safarini. Nao wana methali ya kumwonya msafiri atafute rafiki kwanza, ndipo aishike njia. Tena neno hili ni la ukoo mmoja na neno lao jingine, ambalo maana yake ni upole. Basi rafiki amepita mwenzi. Watu wawili wakichukua mzigo mmoja ni wenzi, hata wasipopendana. Bali rafiki hufuatana nawe kwa upole.

Watu wa pwani walilipokea neno hili, nalo likaingia bara kwa njia za misafara. Njia moja ilitoka Kilwa, ikapita nchi ya Wangoni, ikafika Ziwa Nyasa. Zamani za nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye mji wa Songea huitwa kwa jina lake, misafara ilipita huko. Ilileta nguo, shanga na bunduki. Ikarudi pwani na pembe za ndovu, na watumwa.

Haya, fikirini. Mtumwa na mfanya biashara aliyemnunua walikwenda njia moja siku nyingi, wakanywa maji ya kijito kimoja. Je, walikuwa marafiki? Hasha! Safari ilikuwapo, upole haukuwapo. Lakini mtumwa aliyemgawia maji yake mwenziwe aliyechoka, ingawa hawakuwa kabila moja, huyo alikuwa rafiki kweli.

Waswahili husema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Na dhiki nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni wembamba wa mahali. Njia ikiwa pana, wengi hufuatana. Mtoto aendaye shule huwa na wenzi wengi njiani. Siku atakapoumia mguu ndipo atakapomjua rafiki yake. Ni yule apunguzaye mwendo.

Maswali
1. Mwenzi na rafiki wana tofauti gani?
2. Kwa nini kwenda njia moja hakutoshi kuwa urafiki?