Rimoti ya Wii Hujaribiwa kwa Mkono

Binti yangu alirusha tufe, likakata kona na kutumbukia mferejini. Alirusha tena, likaenda kulekule. Alikuwa amesimama katikati ya sebule akifanya kila jambo kama gemu ya bowling ya Wii Sports inavyoelekeza: shikilia kitufe cha B, peleka mkono nyuma, ulete mbele, achia. Mara ya tatu alinigeukia akaniuliza kama yeye ndiye hajui kucheza. Nikamnyang'anya ile rimoti nikampa ya kwangu, iliyochubuka pembe zote, iliyokuja pamoja na mashine kutoka kwa mjomba wake. Tufe likanyooka, pini nane zikalala chini.

Mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la rimoti ya feki niliyoinunua kwa imani, ikiwa mpya ndani ya boksi linalong'aa, jina la Nintendo likiwa limechapwa vizuri kabisa. Iliniuma kwa sababu feki ya namna hii haimwibii mnunuzi fedha tu. Humfanya mtoto aamini kwamba mkono wake ndio mbovu. Tangu siku ile nimenunua nyingine nyingi, zangu na za jamaa wanaoniomba niwatafutie, na nataka nikueleze ninavyozipima.

Kwanza achana na boksi. Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ilianza kuuzwa Marekani Novemba 2006, Japani na Ulaya zikafuata Desemba, na hadi mwisho wake zaidi ya milioni 101 zilikuwa zimeuzwa. Iliyoirithi ni Wii U, nayo ilizitumia rimoti zilezile, lakini utengenezaji wake ulikoma mwaka 2017. Kwa hiyo rimoti anayokwambia muuzaji kwamba "mzigo umeingia wiki hii, mpya kutoka kiwandani" haikutoka kiwanda kinachofanya kazi kwa Nintendo. Halisi ambazo hazijawahi kufunguliwa zipo bado, ila ziko mikononi mwa wakusanyaji wanaojua thamani yake. Zilipokuwa madukani Marekani, rimoti moja iliuzwa kama dola 40 na Nunchuk, kile kishikio cha mkono wa pili kinachochomekwa kwenye rimoti, kama dola 20. Mtu anayekupa mbili mpya, na Nunchuk juu yake, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, anakuuzia plastiki.

Tafuta iliyotumika. Nyeupe iliyoanza kuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, yenye mkwaruzo na jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu ya wino mgongoni, mara nyingi ndiyo ya kweli. Hakuna mwigaji anayejisumbua kuchakaza mali yake.

Ili ujue cha kupima, ni vizuri ujue kilichomo ndani. Rimoti ya Wii ina vihisi vya aina mbili tangu mwanzo. Kimoja ni kipima-mchapuko, kipande kidogo kilichotengenezwa na kampuni ya Analog Devices, kinachohisi mtikisiko wa mkono na kujua upande wa chini uko wapi. Cha pili ni kamera ndogo ya PixArt iliyofichwa nyuma ya plastiki nyeusi mbele ya rimoti. Kamera hii haikuoni wewe. Inatazama miale ya infraredi inayotoka kwenye Sensor Bar, ule ufito mwembamba unaowekwa juu au chini ya televisheni, na kwa kuona nukta zake mbili ziko wapi, mashine hujua umeelekeza mkono wapi. Juu ya hivyo kuna redio ya Bluetooth, spika, na mota ya kutetemesha.

Lakini kipima-mchapuko kina upofu wake. Laza rimoti mezani kisha uizungushe taratibu kama mshale wa saa: haijapanda wala haijashuka, kwa hiyo yenyewe haijui kama imegeuka. Ndiyo maana mwaka 2009 Nintendo ilitoa MotionPlus, kipande cha kuchomeka chini ya rimoti chenye jairoskopu, kihisi kinachopima mzunguko, kikiambatana na gemu ya Wii Sports Resort. Mwishoni mwa 2010 jairoskopu hiyo ikaingizwa ndani ya rimoti yenyewe, ikaitwa Wii Remote Plus. Hapo ndipo waigaji wengi hukwama. Ganda ni rahisi kuliiga, vitufe ni rahisi. Kuweka kamera nzuri na jairoskopu nzuri, zikaenda pamoja bila kuchelewa, kunagharimu fedha ambazo mtu wa feki hataki kuzitoa. Utakuta rimoti imeandikwa kwa mbele kwamba ina MotionPlus ndani, na ndani hamna kitu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda sokoni amua unataka ipi. Ile ya mwanzo namba yake ni RVL-003, ile ya Plus ni RVL-036, na ya Plus halisi ina maneno "Wii MotionPlus INSIDE" chini upande wa mbele. Kwa Wii Sports au Mario Kart Wii, RVL-003 inatosha kabisa. Gemu kama Wii Sports Resort na The Legend of Zelda: Skyward Sword hazichezeki bila jairoskopu. Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo: chukua RVL-003 halisi na kipande halisi cha MotionPlus cha kuchomeka, RVL-026. Kinarefusha rimoti kidogo na watu hukidharau, lakini kinafanya kazi ileile, na nyuma yake kina tundu la kuchomekea Nunchuk.

Sasa uko mbele ya meza ya muuzaji. Anza kwa macho. Taa nne ndogo za mbele zinapowaka ziwe za bluu. Nyekundu au kijani, rudisha. Ganda la plastiki angavu, linaloonyesha utumbo wa rimoti, Nintendo haikuwahi kulitoa. Angalia herufi za nembo ya Wii kama zina kingo safi, na mstari ambapo maganda mawili yanakutana kama umebana pande zote. Geuza nyuma uangalie skrubu: za Nintendo zina kichwa chenye mkato wa miguu mitatu kama herufi Y. Ukikuta skrubu za kawaida za alama ya kujumlisha, ama ni feki, ama fundi ameshaifungua. Zote mbili ni sababu ya kuuliza maswali. Usiishie hapo, kwa kuwa feki nzuri nazo siku hizi zina skrubu za miguu mitatu.

Halafu fungua mlango wa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri zilivujia humo. Si lazima uikatae, lakini bei ishuke. Ukiona springi imeliwa hadi imekatika, iache.

Nenda na betri zako mbili ndogo za AA, mpya. Jambo hili linaonekana dogo, lakini wauzaji wengi hawana betri mezani, na kauli ya "inafanya kazi, ni betri tu hakuna" imewagharimu watu wengi. Ukishaweka betri, bonyeza vitufe 1 na 2 kwa pamoja. Taa zitaanza kupepesa, na kwa halisi idadi ya taa zinazopepesa inafuata nguvu ya betri: betri mpya, taa zote nne. Wakati zinapepesa, fungua orodha ya Bluetooth kwenye simu yako utafute vifaa vilivyo karibu. RVL-003 hujitaja "Nintendo RVL-CNT-01", na Plus nyingi huongeza "-TR" mwishoni. Jina likiwa jingine, umepata jibu. Jina likiwa sahihi, bado hujapata jibu, maana jina ni maandishi na maandishi huigwa. Ila kwa mtu asiye na mashine pale sokoni, kipimo hiki cha nusu dakika kinaondoa zile za ovyo kabisa.

Kipimo cha kweli kinahitaji mashine. Iwe unanunua Kariakoo, Luthuli Avenue, au nyumbani kwa mtu aliyetangaza anauza, omba rimoti iunganishwe na Wii mbele yako. Muuzaji mwaminifu hakatai. Asipokuwa na mashine, mwambie utaleta ya kwako, au mkubaliane kwa maandishi kwamba utairudisha ndani ya siku mbili ikigoma. Kuiunganisha ni rahisi: kitufe chekundu kilicho ndani ya mlango wa betri, na kingine chekundu mbele ya mashine, ndani ya kifuniko cha kadi ya SD. Bonyeza vyote viwili, ngoja taa moja itulie.

Ikishatulia, usikimbilie gemu. Bonyeza HOME, ingia kwenye mipangilio ya rimoti. Pandisha na ushushe sauti, usikilize spika ya rimoti: iite, isikwaruze. Zima na uwashe mtetemo, uusikie kiganjani. Kisha rudi kwenye menyu kuu, ingia mipangilio ya Wii, sehemu ya Sensor Bar, uchague unyeti. Hapo skrini itakuonyesha kile kamera ya rimoti inachokiona: nukta mbili za mwanga. Sogea nyuma hatua nne, tano. Sogea kushoto na kulia. Nukta zikae mbili, zisipotee, zisizaane. Ukurasa huu watu wengi hawajui kama upo, na kwangu ndio hakimu wa kamera. Feki nyingi huonyesha nukta zinazorukaruka hata mkono umetulia.

Ukimaliza, weka Wii Sports Resort kama rimoti inadaiwa kuwa ya Plus. Gemu itakuomba uilaze kifudifudi mahali palipo sawa ili jairoskopu ijipime. Isiyo na jairoskopu haivuki hapo. Gemu itaendelea kukudai MotionPlus. Ikivuka, chagua upanga. Nyoosha mkono mbele na uzungushe kifundo taratibu sana, kushoto, kulia, kisha ukae kimya. Upanga wa kwenye skrini ufuate mkono wako na utulie unapotulia. Mara mojamoja hata halisi hupotea kidogo baada ya mapigo makali, na hurekebika ukiilaza tena. Inayoteleza yenyewe huku umeishika tuli, haina maana. Cheza dakika kumi nzima, kwani kuna feki zinazokata mawasiliano baada ya dakika tano.

Kama una ndugu ng'ambo, mtumie huyo. Rimoti za Wii hazina kanda. Diski zina mipaka, na mashine ya Japani haisomi diski ya Ulaya, lakini rimoti iliyonunuliwa Osaka inaungana na Wii iliyonunuliwa Birmingham bila neno. Nchini Japani maduka ya vitu vilivyotumika ya Hard Off huwa na masanduku ya vitu vinavyouzwa bila dhamana, humo rimoti halisi hulala kwa bei ndogo. Uingereza, maduka ya hisani yanayouza vitu vya msaada nayo huzipata, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na Wii na watoto wameshakua. Mwambie ndugu yako abebe betri na afanye kile kipimo cha simu kabla ya kulipa.

Kwenye vifaa vya pembeni sina ukali huo. Sensor Bar, licha ya jina lake, haihisi chochote. Ni taa za infraredi tu, na mishumaa miwili iliyowekwa mbalimbali inaweza kushika nafasi yake. Ya kuiga ikiwaka, imetosha. Itazame kupitia kamera ya simu, hasa ya mbele, utaona nukta zenye rangi ya zambarau ambazo jicho tupu halizioni. Nunchuk ipime kwa kijiti chake: kiachie, kirudi katikati, na mhusika kwenye skrini asitembee peke yake. Kabla ya kuilaumu, ichomoe uichomeke upya bila kugusa kijiti, maana hujipima inapochomekwa.

Kamba ya mkononi usiisahau. Zile za mwanzo zilikuwa nyembamba mno, zikawa zinakatika na rimoti kupaa kuelekea televisheni, hadi Desemba 2006 Nintendo ilipotangaza kuzibadilisha, kamba zipatazo milioni 3.2. Ukiuziwa rimoti yenye kijikamba chembamba kama uzi wa kiatu, nunua kingine kinene. Mtoto hucheza kwa mwili mzima.

Ukifika nyumbani na ile yenye unga kwenye springi, lowesha pamba kidogo kwa siki au maji ya limau, sugua taratibu, ufute kwa kitambaa kikavu na uiache wazi usiku mzima. Betri za alkali au za kuchaji za NiMH zinafaa. Za lithiamu usiweke. Na kama hutacheza kwa mwezi au zaidi, zitoe betri uzihifadhi kando, pamoja na rimoti, kwenye mfuko mmoja.