Njia za Kando ya Mto Mjini: Somo Kutoka Nairobi

Katika somo la robo hii tunaangalia jambo ambalo wengi huliona kama anasa: njia ya kupita kando ya mto, kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani njia za namna hii zilijengwa kwanza kwa ajili ya matembezi ya mwisho wa juma. Nairobi mambo ni tofauti. Wakazi wengi wa jiji hili huenda kazini, sokoni na shuleni kwa miguu kwa sababu nauli ya matatu ya kila siku hawaimudu. Kibarua wa Mukuru anayetembea hadi viwandani alfajiri hatafuti mahali pa kupumzikia. Anatafuta mahali pa kupita bila kugongwa na lori.

Mito mikubwa mitatu ya jiji, Nairobi, Mathare na Ngong, hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki na kuungana kabla ya maji yake kufika Mto Athi. Mitaa yenye watu wengi imejipanga kandokando ya maji hayo. Korogocho na Mathare ziko hivyo, na Mto Ngong hupita Mukuru ukipakana na Eneo la Viwanda. Kwa hiyo mito hii inaelekea kule kule watu wanakoelekea. Tena bonde la mto lina mteremko mdogo. Ndiyo maana mabomba makuu ya majitaka ya Nairobi yamelazwa kufuata mito hadi kwenye mitambo ya Ruai, kwa kuwa majitaka hayapandi mlima. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa mboga naye hapendi kupanda mlima. Palipo na bomba, mara nyingi pana ukanda uliotengwa ili mafundi wafike kwenye mashimo ya ukaguzi, na ukanda huo ungeweza kuwa njia pia.

Vipande vizuri visivyoungana

Kazi nzuri imekwisha kufanyika, lakini kwa vipande. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008 hadi kifo chake mwaka 2012, alisimamia usafishaji wa Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Baada yake mahali pale paliachwa hadi pakarudia hali ya zamani, kisha pakatengenezwa upya mwaka 2020 na kuitwa Bustani ya Kumbukumbu ya Michuki. Leo mtu anaweza kutembea kando ya mto pale kwa raha. Akitoka tu kwenye bustani anakutana na magari ya Globe, na akitaka kuendelea na mto hadi Gikomba, ambako maelfu hufanya biashara, hana njia inayoeleweka.

Kibera, shirika la Kounkuey, lililoanza mwaka 2006, limeshirikiana na wakazi kugeuza maeneo yaliyokuwa majalala kandokando ya vijito kuwa viwanja vya watoto, vyoo na kumbi, yakiwa yamekingwa kwa kuta za gabioni. Huko Korogocho, vijana wa kundi la Komb Green waliondoa takataka ukingoni, wakapanda miti na kufungua bustani ya watu wote. Msitu wa Karura nao una zaidi ya kilomita 50 za njia, nyingine zikifuata mto, ila ni za aliyelipa ada langoni na huishia kwenye uzio.

Kila kimoja kati ya hivi kina wafadhili wake, bango lake na siku yake ya uzinduzi. Kinachokosekana ni yale mapengo katikati. Pengo halipigwi picha, wala hakuna anayependa kuandika jina lake kwenye daraja la miguu la mita 12. Hata hivyo daraja hilo ndilo linaloamua kama mama atatumia dakika 15 au 40 kumfikisha mtoto shuleni. Kwa maoni yetu, mhisani mwenye fedha kidogo atafanya zaidi kwa kuunganisha vipande viwili vilivyopo kuliko kwa kuanzisha cha tatu.

Mahali pagumu kuliko pote ni pale mto unapopita chini ya barabara kubwa. Wahandisi hupenda kuipitisha njia chini ya daraja, na ni wazo jema, maana mtu havuki magari. Lakini mvua ikinyesha sana, chini ya daraja ndipo hufurika kwanza, na giza likiingia ndipo wanawake huogopa kupita. Njia ya chini ni lazima iwe na mwenzake wa juu, yaani kivuko chenye alama na tuta la kupunguza mwendo wa magari, la sivyo safari ya mwaka mzima inategemea hali ya hewa.

Njia isiwe kisingizio

Hapa tunafika kwenye jambo zito. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua karibu watu 300 nchini Kenya, na Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000. Mwenye kulipa kodi mjini anajua fedha hiyo inafika wapi.

Machi 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuuhuisha Mto Nairobi kwa takriban kilomita 27, ukiwa na mabomba ya majitaka, nyumba, na njia za miguu na baiskeli. Ni habari njema. Kamati lakini zitenganishe hoja mbili. Hatari ya mafuriko ni hoja moja, nayo huthibitishwa kwa kupima maji yalifika wapi. Nafasi ya njia ni hoja nyingine. Njia ambayo baiskeli mbili na mtembea kwa miguu hupishana inahitaji upana wa mita 3 hivi, haihitaji 30. Kanuni za maji za 2007 zenyewe zilitaja ukanda sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30. Mtu akiambiwa nyumba yake inabomolewa kwa ajili ya njia ya baiskeli, aonyeshwe ramani na vipimo.

Maofisa wa miji mingi hupenda kuonyesha picha za kijito cha Cheonggyecheon huko Seoul, kilichofunguliwa mwaka 2005 kwa urefu wa kilomita 5.8 baada ya barabara ya juu kuvunjwa. Ni kazi ya kupendeza kweli. Picha hazionyeshi kuwa sehemu kubwa ya maji yale huvutwa kwa pampu kutoka Mto Han, wala wachuuzi waliohamishwa.

Kazi ya kamati

Kamati haihitaji mhandisi ili kuanza. Watu watano, mmoja akiwa mwendesha baiskeli, mmoja mwenye mkokoteni, na ikiwezekana mmoja wa kiti cha magurudumu, watembee ukingo wa mto kutoka sokoni hadi shuleni, mara moja kiangazi na mara moja baada ya mvua. Waandike kila mahali walipozuiwa na kilichowazuia: ukuta, shimo, jalala, ngazi, au mlinzi. Mara nyingi itaonekana kwamba kilomita 2 zimezuiwa na mambo manne tu. Na wasishangae ikiwa ukuta mmojawapo ni wa shule au wa kanisa. Taasisi nyingi zina viwanja vinavyoshuka hadi majini, na lango dogo linalofunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 2 usiku halina gharama kubwa.

Kuhusu ujenzi, murramu peke yake hubebwa na mafuriko ya kwanza. Zege au matofali ya kabro hudumu zaidi, mradi njia iinamishwe kidogo upande mmoja ili maji yasisimame. Ukingo ushikwe kwa gabioni pale mkondo unapopinda, na kwa nyasi za vetiva au mianzi kwingineko. Nguzo fupi mwanzoni mwa njia zitazuia magari ya kutupa taka. Bodaboda ni shida zaidi, maana panapopita mkokoteni na kiti cha magurudumu pikipiki nayo hupita, kwa hiyo patahitajika makubaliano na chama chao cha kituo kile.

Fedha za matunzo ziombwe mapema. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni mwake kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo orodha yenu ya mambo manne, pamoja na vipimo na picha, ifike kwenye mikutano ya ushiriki wa umma kabla ya hapo, ikiwa imetiwa sahihi na wale waliotembea.