Jiko lenye moshi hulea maradhi: Likarabati mwenyewe

Msomaji, kumbuka jikoni mwa nyanya yako kule mashambani. Ukiingia, huna budi kuinama ili macho yasiwashe. Kuta na dari ni nyeusi tititi kwa masizi. Nyanya anapuliza moto huku akikohoa na kupangusa machozi kwa ncha ya leso. Wengi wetu tulilelewa humo na kudhani kwamba moshi ni sehemu ya mapishi.

Sivyo. Moshi wa kuni una chembechembe ndogo mno ambazo hupenya hadi ndani ya mapafu. Kwa watoto huleta homa ya mapafu, na kwa watu wazima huleta kikohozi kisichopona, ugonjwa wa moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walifariki kutokana na hewa chafu ya majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa mapishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo wewe baba, kabla ya kusema jiko hilo halina neno, keti humo saa moja ugali ukisongwa. Kisha chukua jembe na nyundo, kwani kazi nyingi hapa haihitaji fundi.

Kabla ya kuanza

Chagua siku za kiangazi, na upange mahali pengine pa kupikia kwa muda. Simama ndani ya jiko wakati moto unawaka na utazame moshi unakoelekea na pale unapokwama. Hapo ndipo patakapohitaji tundu.

Ondoa masizi kwanza. Usiyafagie yakiwa makavu. Yanyunyizie maji, funga kitambaa puani na mdomoni, na uwaweke watoto mbali. Ukimaliza, oga na ufue nguo ulizovaa.

Ikiwa nyumba yako ni ya mjini, ya mawe au matofali, na ilijengwa miaka mingi iliyopita, tahadhari zaidi. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiikwaruze rangi hiyo ikiwa kavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishe kwanza, na mama mja mzito na watoto wasikae hapo. Na paa likiwa la asbestosi, usilikate, usilitoboe wala usilivunje. Vumbi lake huleta saratani ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka wa 2006, na kuiondoa ni kazi ya watu walioidhinishwa na NEMA.

Hatua ya kwanza: Fungua njia za hewa

Dirisha moja halitoshi. Weka mawili yanayokabiliana, au dirisha moja likabiliane na mlango, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Katika nyumba ya udongo, kata tundu katikati ya nguzo na usiiguse nguzo yenyewe, kwani ndiyo inayobeba paa. Katika ukuta wa mawe au matofali, mwite fundi aweke boriti juu ya tundu kwanza, la sivyo ukuta utakuporomokea.

Moshi wa moto hupanda juu. Basi acha nafasi kati ya ukuta na paa, na uizibe kwa wavu wa waya ili ndege na panya wasiingie.

Hatua ya pili: Inua moto

Mafiga matatu hupoteza joto jingi na hula kuni nyingi. Badala yake, nunua jiko la udongo uliochomwa la aina ya Upesi, ambalo hujengewa papo hapo jikoni. Jenga kitako cha mawe na udongo chenye kimo cha magoti au zaidi, ili mtoto anayetambaa asifikie moto. Weka jiko juu yake, kisha lizungushie mawe na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Liache likauke kabisa, hata kama ni wiki mbili au tatu. Ukiwasha moto mapema litapasuka. Nyufa ndogo zikitokea, zizibe kwa udongo laini.

Hatua ya tatu: Toa moshi nje

Jiko la namna hii halina dohani yake, hivyo moshi unahitaji kutegwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya zilishirikiana na shirika la ITDG kujaribu kofia za moshi, na moshi jikoni ukapungua sana. Kofia hiyo ni kama faneli kubwa ya mabati iliyopinduliwa juu ya jiko. Mdomo wake uwe mpana kuliko jiko, na iwe chini kiasi cha kuunasa moshi bila kumgonga mpishi kichwani. Bomba lake liwe na upana wa sentimita 15 au zaidi, na lipite kilele cha paa kwa angalau nusu mita. Livishe kifuniko cha kuzuia mvua, na ulisafishe masizi mara kwa mara.

Onyo: paa likiwa la nyasi, usipitishe bomba humo. Bomba hupata moto na nyumba itaungua. Ezeka kwanza sehemu hiyo kwa mabati, au utegemee madirisha na nafasi ya juu ya ukuta.

Mazoea nayo yabadilike

Jiko jipya halitafaa kitu ukipika kwa kuni mbichi. Zikaushe na uzipasue ndogo ndogo. Loweka maharagwe na githeri usiku kucha na ufunike sufuria, ili moto uwake kwa muda mfupi. Mtoto mwachie mtu mwingine nje unapopika.

Makaa nayo yana hila. Hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu. Usilaze kamwe jiko la makaa katika chumba cha kulala, hata kama baridi ni kali kiasi gani. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Mafuta ya taa nayo usiyaweke katika chupa ya soda, kwani mtoto atayanywa akidhani ni kinywaji.

Lini uende hospitali

Ukarabati huu hupunguza moshi lakini hauumalizi. Mwenye uwezo wa kutumia gesi au stima atapata nafuu zaidi. Hata hivyo, jifunze kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa. Akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40 au zaidi, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kupambazuke.

Udongo wa kichuguu haununuliwi, na mawe yako shambani. Ukianza wikendi hii na dirisha moja tu, mama wa nyumba hiyo atakuwa ameanza kupumua.