Kima Inayoganda Mabonge

*Bwana Mpishi, kila nipikapo mchuzi wa kima, nyama hujaa maji, ikaganda mabonge magumu. Kosa ni la muuza nyama au langu?*
*— Mama Watoto, Tanga*

Bibi, usimtuhumu muuza nyama. Kima hutoa maji kwa tabia yake, na ikitiwa kilo nzima kwa pamoja katika sufuria isiyopata moto barabara, maji hayo hayawahi kukauka, nyama ikatokoseka badala ya kukaangika, ilhali ladha aghalabu hutokana na huko kukaangika. Ipashe sufuria kwanza, utie nusu ya kima bila kufunika, uivunjevunje kwa mwiko ingali laini, hata mchemko wa maji ugeuke mlio wa mafuta. Hapo uitoe, nusu ya pili uifanye vivyo hivyo, halafu ukaange vitunguu, thomu, tangawizi na bizari, kisha nyanya, nazo usizifanyie haraka mpaka mafuta yajitenge, ndipo kima irudi, utie maji kidogo, ipikike kwa moto mdogo kiasi cha nusu saa. Ndimu ni ya mwisho. (Mdalasini mimi siutaki, wengine hawali bila huo.)

Hadhari ni moja: kusaga huviingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, basi kima sharti iive kabisa, na aliyeila akiharisha damu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.