Ni Kioo cha Kompyuta au Ni Macho Yako?

Hebu fikiri uko chumba cha kompyuta shuleni, labda Kibosho au Marangu. Umesoma dakika kumi tu, herufi zina ukungu na kichwa kinauma. Mwenzako anakucheka: "Macho yako yamekwisha!" Usiogope, lakini pia usinyamaze. Huenda kosa ni la kioo, huenda ni la macho. Leo tujifunze kutofautisha.

KWA NINI HERUFI ZINA UKUNGU?

Kioo cha kompyuta kina nukta ndogo sana zilizopangwa kwa mistari, kama ufumaji wa mkeka. Mstari wa mshazari kwenye mkeka, ukiutazama karibu, ni ngazi ngazi. Herufi kama S na W nazo hutokea hivyo hivyo. Basi kompyuta huzilainisha: hutia rangi hafifu pembeni, jicho lisizione zile ngazi.

Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ilitangaza njia yake iitwayo ClearType. Hutumia vipande vyekundu, vya kijani na vya bluu vilivyomo ndani ya kila nukta. Inafaa monita bapa. Kwenye monita za zamani zenye chogo inaweza kuleta ukungu au vivuli vya rangi.

Kosa jingine ni idadi ya nukta. Monita bapa nyingi za inchi 17, zile zinazokaribia mraba, zina nukta 1280 kwa 1024. Ukiipangia 1024 kwa 768, nukta hazilingani na herufi zinavurugika.

JIPIME

1. Kaa nyuma ya darasa, usome ubao. Kisha soma kitabu. Funika jicho moja, halafu la pili. Kama kote unaona vizuri, jaribu kompyuta nyingine.

2. Toboa karatasi ngumu kwa pini, uchungulie ubao kwenye tundu hilo. Maandishi yakiwa safi zaidi, inaelekea unahitaji miwani. Ukungu uliomo ndani ya kioo hauondolewi na tundu.

KAMA NI KIOO

Mwombe mwalimu arudishe idadi ya nukta ambayo kompyuta yenyewe inaipendekeza. Kwenye Windows, tafuta neno ClearType, kisha chagua mfano unaosomeka vizuri. Kuza herufi. Geuza kioo kisipigwe na mwanga wa dirishani. Pepesa macho, na kila dakika 20 tazama mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mlima si upo? Utazame!

KAMA NI MACHO

Waambie wazazi au mwalimu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho, na wataalamu wa kupima macho husomea hapo hapo. Miwani haiharibu macho. Ila usiazime ya bibi, ilipimwa kwa macho yake. Jicho likiuma sana, au ukiacha kuona vizuri ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaokaa kimya wakiogopa kuitwa "macho manne". Wanakosa kunakili ubaoni, wanafeli, halafu wanajiona wajinga. Rafiki, kutoona ubao si ujinga. Sema mapema!

JADILINI

Je, darasani kwenu nani husogea mbele kila mara ili asome ubao? Mtamsaidiaje bila kumcheka?