Msimu na Majira: Asili na Mpaka wa Maana katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

1. Utangulizi

Aghalabu maneno msimu na majira huchukuliwa kuwa visawe. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba maneno hayo yanatofautiana tangu asili, na kwamba tofauti hiyo ingali hai katika lugha ya kupanga kazi na biashara katika mwambao wa Kilwa na Lindi.

2. Asili na Umbo

Msimu linatokana na Kiarabu mawsim, lenye mzizi w-s-m unaobeba dhana ya kutia alama, kama ile anayochomwa ngamia. Mawsim, basi, ni wakati uliowekewa alama: wa hija, wa gulio au wa safari. Majira, kwa upande wake, linahusishwa na majra, yaani njia ya kupita, kutokana na mzizi j-r-y wenye maana ya kutiririka. Ndiyo maana hutaja pia mwelekeo wa chombo baharini.

Kifonolojia, msimu lina upekee. Maneno mengine ya aina yake yamehifadhi au: mawlid limekuwa maulidi, na mawt mauti. Kwa kanuni hiyo lingetarajiwa *mausimu. Inaelekea kwamba neno lilipokewa kutoka vinywani mwa mabaharia, ambao katika lahaja za Ghuba hutamka mosim. Kisha silabi ya kwanza ikafasiriwa upya kuwa kiambishi ngeli mu-. Hivyo wingi wa Kiarabu, mawasim, ukaachwa na misimu ikazaliwa. Irabu u ya mwisho baada ya m ni ya kawaida, kama katika kalamu na salamu.

3. Msimu wa Pepo

Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilishuka kwa kaskazi, takribani Desemba hadi Machi, na kurejea kwa kusi kuanzia Aprili. Kilwa, aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331, ilikuwa karibu na ukomo wa kusini ambao chombo kingeweza kufika na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo. Nahodha aliyechelewa alilazimika kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo msimu haukuwa kipindi cha hali ya hewa tu, bali muda wa fursa wenye mwanzo na mwisho.

4. Msimu wa Korosho

Maana hiyo imehamia nchi kavu. Mnunuzi wa korosho mkoani Lindi husema "msimu umefunguliwa", kwa kawaida mwezi Oktoba, ilhali *"majira yamefunguliwa" haikubaliki. Kinyume chake, "majira ya jioni" ni sahihi, lakini *"msimu wa jioni" si sahihi. Aidha, msimu mmoja huandikwa kwa miaka miwili, mathani 2023/2024, kwa kuwa mpaka wake huwekwa na shughuli, si kalenda. Majira hupita yenyewe. Msimu hufunguliwa na kufungwa.

5. Hitimisho

Hata wanaisimu wanapoita maneno ya kuzuka na kutoweka "misimu", wanaendeleza dhana ileile ya muda wenye ukomo. Kamusi inayofasili msimu kwa neno "majira" pekee humnyima msomaji sifa hiyo bainifu. Inafaa fasili itaje shughuli na mpaka: msimu ni muda uliotengwa ambamo jambo fulani huwezekana.