KUYEYUKA SI KUPOTEA
Somo la kikundi: jinsi maabara inavyopima kemikali inayoyeyuka majini, na faida yake kwetu

Ukitia sukari kwa chai na kukoroga, baada ya muda mfupi huioni tena. Hata hivyo hakuna mtu anayesema sukari imepotea. Kila anayekunywa anaionja. Basi mbona tukiosha pampu ya kunyunyizia dawa kando ya mto, na maji yakabaki meupe kidogo kisha yakaenda, twasema, "Ah, imeisha, maji yamebeba"? Ni kweli maji yamebeba. Swali ni: yamepelekea nani?

Katika somo hili tutaangalia jinsi wataalamu wa maabara wanavyopima kiasi cha kemikali kinachoweza kuyeyuka ndani ya maji. Hili si jambo la wasomi peke yao. Kikundi chenye kisima, chemchemi au bwawa, na ambacho wanachama wake wananyunyizia sukuma wiki, nyanya au mahindi, kinahitaji kulielewa.

TUANZE NA JARIBIO LETU WENYEWE

Leteni mkutanoni glasi tatu, maji safi, chumvi, unga wa mahindi na mafuta ya kupikia ya maji. Msitumie dawa ya shambani katika jaribio hili hata kidogo, wala vyombo vilivyowahi kushika dawa.

Glasi ya kwanza tieni kijiko kimoja cha chumvi, ya pili kijiko cha unga, ya tatu kijiko cha mafuta. Korogeni zote, kisha ziacheni nusu saa mkiendelea na ajenda zenu.

Mkirudi mtaona hivi. Chumvi haionekani, na maji ni maangavu. Unga umeshuka chini. Mafuta yamepanda juu. Sasa chujeni maji ya chumvi kwa kitambaa safi na mwonje. Bado ni ya chumvi! Kitambaa hakikuzuia kitu. Yachemsheni, yapoe, mwonje tena. Chumvi iko pale pale. Tena mkichemsha sana, maji yanapungua na chumvi inazidi kukolea.

Katika glasi ya mafuta tieni sabuni kidogo, mkoroge kwa nguvu. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Je, mafuta yameyeyuka? Hapana. Sabuni imeyagawa tu kuwa matone madogo madogo yanayoelea.

Mwisho, chukueni glasi nyingine yenye mililita 200 za maji, mwongeze chumvi kijiko kimoja kimoja mkikoroga. Mkifika karibu vijiko 12 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi itaanza kubaki chini. Maji yameshiba. Kipimo hicho, cha maji kushiba, ndicho maabara inachokitafuta.

MAABARA HUFANYAJE?

Kuna utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi, uliotolewa na shirika la OECD lenye makao yake Paris. Utaratibu huo, unaojulikana kwa nambari 105, ulipitishwa mwaka wa 1995. Kwa ufupi huenda hivi:

1. Mkemia huchukua kemikali yenyewe ikiwa safi, si ile ya chupa ya dukani iliyochanganywa na vitu vingine. Maji nayo ni safi kabisa: yamegeuzwa mvuke, kisha yakapozwa yakawa maji tena.

2. Kwanza hukadiria. Hupima sehemu moja ya kumi ya gramu, huongeza maji kidogo kidogo, hutikisa dakika 10 kila mara, na kutazama kwa macho kama bado kuna chembe.

3. Akishapata kadirio, hutayarisha chupa tatu. Kila moja hutiwa kemikali nyingi kuliko maji yanavyoweza kuyeyusha, karibu mara tano. Chupa hutikiswa kwenye joto la nyuzi 30.

4. Baada ya siku moja chupa ya kwanza hutolewa na kuwekwa siku nzima kwenye joto la nyuzi 20. Kisha huzungushwa kwa mashine ya kasi ili chembe ambazo hazikuyeyuka zitengane na maji. Yale maji maangavu ndiyo yanayopimwa. Chupa ya pili hutikiswa siku mbili, na ya tatu siku tatu.

5. Majibu hulinganishwa. Chupa mbili za mwisho zisipopishana kwa zaidi ya asilimia 15, jibu linakubaliwa. Ikiwa kila chupa inayofuata ina kemikali nyingi kuliko iliyotangulia, basi maji bado hayajashiba, na kazi hurudiwa kwa muda mrefu zaidi.

Kemikali ambayo haifikishi miligramu 10 kwa lita hupimwa kwa njia nyingine, kwa sababu chembe moja tu ikiponyoka inaharibu hesabu. Hupakwa juu ya punje ndogo za kioo au mchanga safi ndani ya mrija, na maji hupitishwa polepole mpaka kiasi kinachotoka kiwe kile kile kila mara.

Tazameni basi. Mkemia haamini macho yake. Anasubiri, anachuja, anapima, anarudia. Na sisi je, tukiona maji ya kisima ni maangavu, twasema ni safi?

NAMBARI ZINASEMA NINI

Kumbukeni kwamba gramu moja ni miligramu 1,000. Katika lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyuka takriban:

- Mbolea ya urea: zaidi ya kilo 1
- Chumvi ya kula: gramu 360
- Glifosati tupu, dawa ya kuua magugu: gramu 10
- Atrazini, dawa ya magugu ya mahindi: miligramu 30
- DDT: haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya miligramu

Mtu anaweza kusema, "Atrazini ni miligramu 30 tu, hiyo si kitu." Polepole! Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.0001 ya dawa yoyote moja ya wadudu au magugu katika lita ya maji ya kunywa. Maji yaliyoshiba atrazini yamekipita kikomo hicho mara 300,000. Ndiyo sababu dawa hiyo, baada ya kuonekana katika maji ya chini ya ardhi, ilikataliwa huko Ulaya mwaka wa 2004. Kile ambacho mkemia anakiita kidogo, kwa mnywaji kinaweza kuwa kingi.

NJIA MBILI ZA KEMIKALI

Njia ya kwanza ni ya zile zinazoyeyuka. Hizi husafiri na maji yenyewe. Mvua kubwa ikinyesha siku ile ile uliyotia urea, sehemu ya pesa zako inaelekea mtoni au inazama chini kufuata maji ya kisima. Kuchuja kwa kitambaa hakuzuii, na kuchemsha hakutoi chumvi wala madini. Wenzetu wengi wa Bonde la Ufa wanalijua hili kwa floraidi itokayo kwenye mawe ya volkano. Maji ni maangavu, yanachemshwa kila siku, lakini meno ya watoto yanakuwa na madoa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima kuendelea kuchemsha. Lakini vijidudu ni kitu kimoja, na kemikali ni kitu kingine.

Njia ya pili ni ya zile zisizopenda maji. Wengine hufikiri kwamba isiyoyeyuka haina hatari. Kumbe sivyo! DDT karibu haiyeyuki majini, lakini hushika udongo na hupenda mafuta. Udongo ukimomonyoka, nayo huenda nao mpaka bwawani. Huingia katika wadudu, kisha samaki, kisha mafuta ya mwili wa mwanadamu, hata katika maziwa ya mama. Hukaa miaka mingi. Kenya iliipiga marufuku kwa matumizi ya shambani mwaka wa 1986.

Na ziko ambazo hazifuati njia hizi moja kwa moja. Glifosati huyeyuka vizuri, lakini ikigusa udongo huushika kwa nguvu. Kwa hiyo kipimo cha kuyeyuka ni ushahidi mmoja tu. Maabara hupima pia jinsi kemikali inavyoshika udongo na muda inaokaa kabla ya kuoza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Someni lebo. Herufi WP maana yake ni unga unaosambaa majini kama ule unga wa mahindi. Ukiacha kutikisa pampu, dawa inashuka chini: mistari mingine inapata dawa kidogo mno na mingine inapata nyingi mno. EC ni mafuta yenye kitu kama sabuni, ndiyo maana hugeuka maziwa. SL imeshayeyuka tayari. Kwa muuza dawa ulizeni karatasi ya maelezo ya usalama. Sehemu ya 9 ndiyo huonyesha kiasi kinachoyeyuka majini.

Changanyeni dawa mbali na maji. Tunashauri angalau mita 50 kutoka kisimani au mtoni, na upande wa chini wa mteremko kutoka kisimani. Maji yachotwe kwa chombo safi, si kwa kutumbukiza pampu.

Chombo cha dawa kikiisha suuzeni mara tatu, na maji hayo yarudi ndani ya pampu yakanyunyiziwe shambani. Kisha toboeni chombo, kisije kikatumika kwa maziwa au maji.

Shikeni udongo. Matuta ya fanya juu na mstari wa nepia kando ya mto huzuia zile kemikali zinazosafiri na udongo.

Mkipeleka maji kupimwa, iwe kwa ofisi ya maji ya kaunti au maabara ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ulizeni kwanza chupa gani itumike, maana kemikali zinazopenda mafuta hushika plastiki na huhitaji chupa ya kioo. Pelekeni pia orodha ya dawa zinazotumika hapo kijijini. Maabara haitafuti kila kitu kwa pamoja, inatafuta ile iliyoambiwa itafute.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni dawa na mbolea gani zinazotumika juu ya kisima chetu? Nani ataandika orodha?
2. Wanachama wetu huosha pampu wapi? Maji hayo huenda wapi?
3. Ni kina nani wanaochota maji chini yetu, na tumewahi kuzungumza nao?
4. Kikundi kinaweza kutenga mahali pamoja pa kuchanganyia dawa? Pawe wapi, na nani atapatunza?

Tukubaliane jambo moja kabla ya kufunga mkutano, na katibu aliandike katika kitabu cha kumbukumbu. Mto hauna mwisho kijijini petu. Tunachoyeyusha sisi leo, jirani wa chini atakinywa kesho. Na wa juu yetu naye, tumwombe atukumbuke vivyo hivyo.